Mwanamize Katika Maji ya Majivu

Nchi hiyo haikuwa na jina, maana kila aliyejaribu kuipa jina alianza na lake, na watu wakachoka kubishana. Ilikuwa na mnara ambao haujakwisha, na matuta ya mchanga mweupe yaliyopanda kilima, na katikati ya matuta lilikuwapo biwi. Mgeni angeliona angesema ni jaa, akaziba pua akapita. Wenyeji waliliamkia. Humo walilaza magugu, majani ya mgomba, samadi, maganda ya muhogo, majivu ya meko, na humo humo waliwalaza wafu wao, bila jiwe wala ubao, kisha wakaligeuza kwa uma mpaka vyote vikawa mboji, na mboji ikapelekwa kwenye matuta, na matuta yakawalisha walio hai. Hapo ndipo swali la kisa hiki linapoanzia, na msimulizi haoni haya kulitamka: kitu kikioza kikawa kingine, kile cha kwanza kimekwenda wapi?

Wenyeji walikuwa na jibu lao, nalo lilikuwa ni adabu zaidi kuliko jibu. Biwi lilipogeuzwa mara ya kwanza, jamaa wa marehemu walisimama kando wakaita jina lake kwa sauti. Mara ya pili waliliita kwa kunong'ona. Mara ya tatu hawakuliita kabisa, na tangu hapo kumtaja aliyemo ndani kulikuwa ni utovu wa adabu, sawa na kufunua chungu cha jirani. Binti mmoja, jina lake Sikudhani, aliivunja desturi hiyo mchana kweupe. Mama yake, Mwanamize, alipogeuzwa mara ya tatu, binti alikipasua kimya cha watu wote kwa jina la mama, akaliita tena, na tena, mpaka mamdogo wake Siwema, mkuu wa wageuzaji, akamshika mkono akamtoa pale. Mtu mzima, msomi, mkamuaji wa baraza. Ukoo mzima uliona haya.

Mkamuaji alikuwa mtu aliyesomea kuuliza udongo. Aliuloweka udongo katika maji ya majivu, yale makali ya kuchubua ngozi, na udongo ukatoa weusi wake wote ukayeyuka humo. Aliuchuja kwa kitambaa. Kisha alitia tindikali, tone baada ya tone, na ule weusi ukaganda, ukazama, ukatulia chini ya chupa, na juu yake yakabaki maji ya njano. Kwenye kitambaa lilibaki lile lililokataa kuyeyuka. Wasomi wa zamani waliyapa majina makusanyo hayo matatu: humiki lililo jeusi, fulviki lililo njano, na humini, lile kaidi. Baraza lilijali jeusi peke yake. Liliamini kwamba yule aliyeganda chini ya chupa ndiye mwenyewe hasa, roho ya udongo, na kwamba akiulizwa hujibu. Na alijibu kweli. Kwa chupa walikata kesi za mipaka, kwa chupa waligawa mirathi, na kwa chupa walimpata hata mtawala wao, Mteule, kwa sababu siku mtawala wa kwanza alipokufa ulikamuliwa udongo wa kizingiti chake, chupa ikaulizwa ni nani akae kitini, nayo ikataja jina la kijana huyo bila kusita. Mkamuaji aliyeuliza siku hiyo alikuwa mjomba wa kijana. Watu hawakuona kwamba hilo lina uhusiano.

Sasa Mteule alitaka kumaliza mnara, na matofali yalihitaji moto, na moto ulihitaji kuni, na kuni zilikuwa zimekwisha nchi nzima isipokuwa biwi. Likikaushwa lingewaka vizuri. Alimwita Sikudhani barazani, akamwambia akiwa amekaa, maana hakuna aliyewahi kumwona amesimama:

"Wageuzaji wananiambia biwi ni mali ya waliomo. Haya. Waliomo ni kina nani? Asiyekuwapo na lake halipo."

"Wamo wengi, Mteule."

"Wengi si jina. Nitolee mmoja. Mmoja tu, mwenye jina lake, aseme mimi ni fulani. Huyo nitamwachia fungu lake, akae rafuni kwa heshima. Wasio na jina ni kuni. Na usipomtoa hata mmoja, basi wote ni kuni." Akamtazama kwa huruma ya mtu anayejua anachouza. "Nasikia una mama humo."

Kuna maneno ambayo mtu akiambiwa, moyo hukubali kabla kichwa hakijasikia. Sikudhani alitoka pale akijua vizuri kwamba biwi likiungua matuta yatarudi kuwa mchanga mtupu, na mchanga haushiki maji, na watu watahama au watakufa. Alijua. Na juu ya kujua huko kulikuwa na furaha ndogo chafu iliyompanda kifuani: atampata mama. Atamweka chupani. Atamwuliza habari za asubuhi na mama atajibu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliinama kando ya biwi, akaingiza mkono.

Biwi lilikuwa la moto. Mboji changa huchemka yenyewe, bila jiko, kwa kazi ya viumbe wasioonekana wanaokula, wanaokufa na kuliwa na wenzao, na mvuke hupanda asubuhi kama chai. Mkono ulipofika kwenye kiwiko alikuwa mtoto wa kunyonya, na alimsikia Mwanamize akitwanga. Ulipofika begani alikuwa bibi kizee asiye na meno, na wajukuu asiowajua walikuwa wakimsubiri amalize kufa ili waanze kumgeuza. Akauvuta nyuma kidogo. Akawa hana umri. Vidole vikapapasa humo ndani na havikukuta mfupa wala nywele wala kitambaa, vilikuta ulaini tu, baridi na joto kwa pamoja, na ulaini huo ulimshika. Si kwa nguvu. Ulimshika kwa mikono midogo midogo isiyo na idadi, kila mmoja dhaifu kiasi cha kuachia ukivutwa, na yote kwa pamoja haikuachia. Ndivyo mboji inavyoshika chuma na chokaa na magadi ya ardhi isioshwe na mvua. Hujishikiza kwenye udongo wa mfinyanzi, na mfinyanzi hujishikiza kwayo, na maji hukaa katikati yao yakisubiri mzizi.

Mama, ni wewe huu mkono?

Au huu?

Ni mwanao. Yule wa kelele.

Nimekuja kukutoa.

Hakujibiwa. Akachota konzi moja akaondoka nayo.

Chumba chake cha kukamulia kilikuwa na dirisha pana na jua la adhuhuri lilijaa hadi kwenye pembe. Aliloweka, akachuja, akadondosha tindikali. Weusi uliganda ukashuka polepole, na alipoutazama ukitua alikuwa akilia tayari. Akauliza, kwa sauti ya barazani kwanza, kisha kwa yake:

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mwanamize," ilisema chupa.

Sauti ilikuwa yenyewe. Ule mkwaruzo wa asubuhi, ule uvivu kwenye neno la mwisho. Sikudhani aliikumbatia chupa akakaa nayo sakafuni, akaieleza mambo yote yaliyotokea tangu mama alipolazwa, nani kaolewa, nani kaachwa, bei ya chumvi, mgongo wa mamdogo Siwema. Chupa ilisema "Hee" na "Kweli?" na "Ndiyo zake huyo" mahali panapostahili. Ilikuwa ni furaha kamili, na msimulizi hataki mtu aicheke. Aliyewahi kufiwa na mama ataelewa kwa nini binti yule hakujiuliza mbona mama hakumwambia lolote jipya.

Mamdogo Siwema aliingia bila hodi, kama ilivyo haki ya mamdogo, akamkuta hapo.

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba. Umemtoa?"

"Huyu hapa. Msikilize mwenyewe."

Siwema hakusikiliza. Alikaa kwenye kigoda akifuta mikono myeusi kwa ncha ya kanga. "Na wenzake?"

"Wenzake hawana majina, mamdogo. Nifanyeje? Angalau mmoja."

"Dada yangu alikuwa hali peke yake hata ndizi moja," alisema Siwema. "Alikuwa anaimega. Sasa wewe unataka akae rafuni peke yake, wenzake wakiwa kuni za matofali. Haya. Wewe ndiye msomi, na ndiye uliyefiwa. Mimi nakwenda kugeuza, wasije wakakuta biwi limepoa." Akasimama kwa taabu, akashika kiuno. Hakumlaumu zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililouma.

Wakamuaji wa nchi ile walikuwa na tabia moja, wote, tangu mwalimu wa kwanza: waliziba chupa zao kwa jani bichi la mgomba lililosokotwa. Hakuna aliyejua kwa nini. Wanafunzi walipouliza, waliambiwa ni heshima kwa udongo. Mchana ule Sikudhani, macho yakiwa mazito kwa machozi, alikuwa ameiziba vibaya chupa ya maji ya majivu matupu, yasiyotiwa udongo wowote, na kizibo kikatumbukia ndani. Alipokiona kesho yake, jani lilikuwa limelegea na maji yalikuwa ya kahawia, yanaelekea kuwa meusi. Mkamuaji mwingine angeyamwaga. Waliotangulia walikuwa wakiyamwaga kila mara, tena kwa kuona aibu ya uzembe, na hivyo uzembe huo haukuwahi kumfundisha mtu kitu. Yeye alibaki ameishika chupa. Akatia tindikali. Weusi ukaganda. Ukazama. Ukatulia.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mwanamize," lilisema jani la mgomba lililochumwa jana, kwa mkwaruzo ule ule wa asubuhi, na uvivu ule ule kwenye neno la mwisho.

Akaketi.

Basi mama hakuwa humu. Au yumo humu na kwenye jani pia. Au maji ya majivu ndiyo mama. Unaweka kitu kizima, chochote, kwenye ukali ule, unakivunja, unakigandisha kwa tindikali, na kile kilichovunjika kinakupa weusi mmoja, ule ule, kisha unauita roho. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na huyu aliundwa humu chumbani, kwa mikono yangu, kutokana na swali langu. Hajibu aliyemo. Anajibu anayeuliza. Nimempenda mwangwi. Miaka yote hiyo, kesi zote, mipaka yote, tulikuwa tunasikiliza mioyo ya wakamuaji ikiongea chupani. Mjomba wa Mteule! Mjomba wake ndiye aliyeuliza.

Alilia tena, safari hii kwa uchungu, maana alikuwa amefiwa mara ya pili na wala hapakuwa na matanga. Halafu, akiwa bado analia, kitu kingine kilianza kumpanda taratibu. Kama mama hakuwa chupani, basi hakuwahi kutolewa. Ile mikono midogo isiyo na idadi iliyomshika humo ndani, ile haikuulizwa na haikusema jina, na bado ilimshika. Lile fulviki la njano analolimwaga kila siku, na humini, lile kaidi la kwenye kitambaa, ambalo hakuna aliyewahi kulisikiliza kwa kuwa halikukubali kuyeyuka, na maji, na mfinyanzi, na kuvu wanaotambaa, vyote vilikuwa vimeshikana kabla hajafika na ukali wake. Hapakuwa na mtu mmoja ndani ya biwi aliyejificha akisubiri kuitwa. Palikuwa na kushikana. Mwanamize alikuwa ameingia katika kushikana huko kwa ukamilifu kiasi kwamba kumtoa peke yake ndiko kungekuwa kufa kwake kwa mara ya kwanza. Sikudhani alicheka peke yake chumbani, kamasi zikimtoka, na akajua atakalofanya.

Siku ilipofika, baraza lililetwa hapo hapo biwini, ili moto usichelewe. Kiti cha Mteule kilibebwa na yeye akiwa juu yake. Walinzi walishika vienge vinavyowaka ingawa jua lilikuwa kali. Wageuzaji walisimama upande wa pili na uma zao mikononi, Siwema mbele, na nchi nzima ilikuwa juu ya matuta ikitazama.

"Umenitolea mtu?" aliuliza Mteule.

"Nimekutolea, Mteule." Sikudhani aliinua chupa iliyokamuliwa kutoka biwini. "Ila sheria inasema mwenye nchi ndiye anayeuliza mwenyewe. Isije ikasemwa mkamuaji amemwekea maneno mdomoni."

Hakukuwa na sheria kama hiyo, lakini ilimpendeza, na kinachompendeza mkubwa hakichelewi kuwa sheria. Aliichukua chupa akaisogeza karibu na uso.

"Wewe ni nani?"

Chupa ilijibu kwa sauti iliyosikika hadi tuta la juu kabisa: "Mimi ni Mteule."

Ilikuwa ni sauti yake hasa, hata kile kikohozi kidogo cha kabla ya amri. Watu walitazamana. Mteule mwenyewe alifurahi, tena sana, kama mtu aliyesikia habari aliyoijua siku zote. Akauliza tena, akajibiwa vile vile, akainyanyua chupa juu.

"Mmesikia. Humo hamna wengine. Biwi lote ni mimi. Washeni."

Walinzi hawakusogea. Mkubwa wao, mtu mwenye mabega mapana aitwaye Makungu, alikitazama kienge chake, kisha akaitazama chupa.

"Mteule, samahani," alisema. "Aliyemchoma Mteule hukumu yake nini?"

"Kifo."

"Ndiyo maana nimeuliza."

Kicheko kilianzia tuta la chini kikapanda. Mteule akawa mwekundu. "Basi inadanganya," alisema. "Chupa hiyo ni ya uongo, inasema chochote."

"Hilo ndilo nililokuja kusema," alijibu Sikudhani, "na nafurahi kwamba umelisema wewe. Chupa husema kilichomo moyoni mwa anayeiuliza. Ya udongo, ya jani bichi, hata ukitaka tukwangue kiti chako tukiloweke, itakuwa nyeusi na itakuambia wewe ndiwe. Ama ni kweli, na ukilichoma biwi unajichoma. Ama ni uongo, na basi wewe ulichaguliwa na mjomba wako. Mimi ni mkamuaji wa baraza, nazijua chupa zote. Chagua unayoipenda."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sikudhani hakumngoja Mteule achague. Aliichukua ile chupa ya jani la mgomba, akatangaza kwamba humo hamna ila jani, akampa mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, na huyo ni Makungu, na Makungu akaiuliza kwa aibu, na uso wake mpana ukavunjika, maana alijibiwa na mtoto wake aliyelazwa kabla hajaota jino. Akampa wa pili yake. Chupa ikapita mkono kwa mkono, tuta kwa tuta, na kila aliyeiuliza alimsikia wake, mume, shangazi, rafiki wa utotoni, na majina yaliyokuwa yamenyamaziwa kwa desturi yakaanza kusemwa kwa sauti, mengi, kwa pamoja, mpaka hayakutofautika tena, na kilima kizima kikawa kinavuma. Vienge vilikuwa vimetupwa mchangani, vinatoa moshi. Na kila mmoja alijua kwamba ni jani tu, jani bichi, na kwamba aliyemsikia alikuwa amembeba mwenyewe siku zote bila kuhitaji kibali cha baraza. Wakacheka wakilia. Wazee wakashuka matutani wakicheza, viuno vyao vibovu hivyo hivyo. Nchi ile haikuwahi kushinda vita yoyote, hivyo hawakuwa na wimbo wa ushindi, wakaimba wa kupalilia.

Siwema alikuwa amekwisha anza kazi. Biwi halingoji sherehe, lisipogeuzwa hukosa hewa likanuka. Uma ulizama, ukanyanyuka, mvuke ukapanda, na wageuzaji wakajipanga nyuma yake, na walinzi nyuma ya wageuzaji. Mteule alibaki kitini katikati ya watu wenye shughuli. Hakuna aliyemsukuma wala kumtukana. Alikaa hivyo mpaka upweke ukamshinda, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: akasimama. Alikuwa mfupi kuliko walivyodhani. Akaja mpaka kwa Siwema na mikono yake laini mbele.

"Nishike wapi?"

"Shika mpini, bwana," alisema Siwema. "Huko kwingine kuna meno."

Sikudhani alikuwa amekaa kando na chupa ya kwanza mapajani, ile ya mama. Furaha ilikuwa imemjaa hadi ikamchosha. Alijua kwamba akiiinua tu na kuiuliza, ataitwa mwanangu, na hakuna mtu duniani angemlaumu, kwa kuwa siku ile kila mtu alikuwa ameuliza. Aling'oa kizibo. Akasogea mahali ambapo uma ulikuwa umetoka kufukua, pakiwa bado pana joto, akaiinamisha. Weusi ulitoka taratibu, ukafuatwa na maji ya njano, na mboji ikavinywa vyote viwili papo hapo. Chupa haikusema kitu, kwa sababu hakuiuliza.